Ngazi Hamsini na Nne

9 Februari

Babu yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa kitandani, karatasi nimeiweka juu ya sinia, kwa sababu meza imejaa nguo za kupigwa pasi. Mama anakusalimu sana. Anasema mgongo umepata nafuu tangu wamtoe kwenye mashine za kufulia za hospitali na kumweka kwenye kukunja mashuka. Akirudi ananukia sabuni mpaka nywele. Mimi ni mzima, ila nimekonda kidogo, na najua utauliza nilikuwa nimebakiza nini cha kukonda.

Leo ni wiki ya sita tangu niondoke kwako. Simu najua huiwezi tangu sikio la kulia ligome, kwa hiyo itabidi uvumilie mwandiko wangu.

Matokeo ya mtihani bado, na Mama hakutaka nikae bure. Amenitafutia nafasi kwenye kliniki ya wazee iliyo nyuma ya hospitali yao. Mtaalamu wa viungo anawapima nguvu, na mimi naandika namba. Wazee wanamwita Dada Saa, kwa sababu saa ya kuhesabia sekunde haimtoki shingoni. Wanasimama kwa mguu mmoja, wanaminya chuma kwa kiganja, wanatembea huku tunawahesabia. Wanataniana kama watoto wa shule. Juzi Dada Saa aliniambia niseme mimi neno "anza", na bibi mmoja mwenye miwani minene akasema, "Binti, kwa sauti hiyo nitaanza kesho kutwa." Wote wakacheka. Nimezoea. Nina marafiki wengi huku.

Sasa neno lenyewe. Nimemwomba Mama uje ukae nasi. Sikumwomba mara moja, nimemwomba kila Jumapili. Tunaishi ghorofa ya tatu na hakuna lifti. Ngazi ni hamsini na nne, nimezihesabu nikipanda na nikishuka. Mama anasema, "Mchana kutwa mimi sipo na wewe hupo. Baba akiweza kupanda mwenyewe na kushuka mwenyewe, aje hata kesho. Asipoweza, sitamfungia baba yangu juu kama njiwa."

Nikamuuliza Dada Saa. Akasema kuna vipimo viwili vinavyoweza kutuonyesha. Naomba uvifanye, mwenye duka akiwa karibu yako.

Cha kwanza, keti kwenye kiti kigumu kisicho na mikono, chenye urefu wa sentimita arobaini na tatu. Kunja mikono kifuani. Simama wima, keti, simama tena, kwa nusu dakika. Hesabu umesimama mara ngapi. Dada Saa anataka nane au zaidi.

Cha pili, tembea dakika sita kwa mwendo wako, kisha uniambie umetembea mita ngapi. Anataka mia nne.

Wewe kutembea hakujawahi kukushinda. Kitanda chako nimeshakichagulia mahali, upande wa dirisha.

Mjukuu wako,
Kimya

27 Februari

Kwa Kimya, mjukuu wangu,

Marahaba. Barua yako ilifika Jumanne, mwenye duka akaniletea pamoja na majani ya chai. Amekusalimu. Anasema duka limepoa tangu uondoke, ingawa sikumbuki siku uliyoongea dukani kwake zaidi ya maneno mawili.

Huku ni salama. Paa la jikoni linavuja pale pale. Yule kuku mweupe uliyemlea ameanza kutaga nyuma ya mlango wa chumba chako, na sijamfukuza, maana chumba chenyewe hakina mtu wa kukilalamikia.

Nimefurahi kusikia una kazi. Kuandika namba za watu ni kazi ya heshima. Mimi nilimtangulia mpima ardhi porini miaka thelathini na moja, na alikuwa akisema, "Mzee Mita, mnyororo wa kupimia ukikatika nitakutumia wewe." Hatua yangu moja ni robo tatu ya mita, haizidi, haipungui. Nilifundishwa kwa kamba nikiwa kijana wa miaka ishirini, nikarudia mpaka mguu ukajua wenyewe. Mpaka leo watu wakigombania mipaka wananiita mimi.

Basi nimefanya kipimo chako. Mwenye duka alishika saa, mimi nikatembea kwenye barabara ya posta. Dakika sita, hatua mia sita kamili. Piga hesabu: mita mia nne na hamsini. Mwambie huyo Dada Saa mzee wa miaka sabini na sita amempa hamsini za ziada.

Mwambie na mama yako anitayarishie chai isiyo na sukari nyingi.

Nimechoka kuandika, mkono unauma. Soma vitabu vyako.

Babu yako

14 Machi

Babu,

Shikamoo. Tumepokea barua yako jana. Mama alikuwa amekaa anavua viatu, nikamsomea ile sehemu ya mita mia nne na hamsini, akabaki na kiatu kimoja mkononi. Akasema, "Huyu mzee." Halafu akacheka mpaka machozi yakamtoka, na sijui kama yote yalikuwa ya kucheka. Amekubali uje mwezi wa tano, mvua zikipungua.

Nimepima nafasi ya kitanda chako. Nimekufungia kamba ya kutundikia shati. Kutoka dirishani utaona uwanja wa shule, na asubuhi utasikia kengele, hata kwa sikio moja.

Sikukwambia kwenye barua ile, lakini jioni za huku ni ndefu. Mama akiwa zamu nakula peke yangu na nafungua redio ili kuwe na mtu anayeongea. Nikipika, bado napima unga wa watu wawili, wako na wangu.

Dada Saa amefurahi. Ameniuliza na lile la kiti. Umesahau kuniandikia ulisimama mara ngapi. Tafadhali usisahau.

Kimya

2 Aprili

Kimya,

Marahaba. Mvua zimeanza na kuku wamehamia barazani. Mwenye duka amenipa sanduku la zamani, na nimeshaweka mashati manne na lile koti la kazini. Nyumba atanilindia yeye. Nimewaaga watu watatu, halafu nimeacha, maana kila ninayemuaga ananiuliza, "Mzee Mita, utaweza mambo ya magorofa?" Ningekuwa siwezi ningepakia mashati?

Wiki hii nimegundua jambo la ajabu. Walipochonga barabara ya posta wameizungusha bila kumwambia mtu. Zamani, kutoka kwenye mlango wetu wa uani hadi dirisha la posta ni hatua mia nne. Unakumbuka, tulihesabu wote ulipokuwa darasa la pili, na mimi mwenyewe nilishaipima kwa mnyororo wa kazini: mita mia tatu. Sasa nimeihesabu mara tatu na kila mara ni mia tano na tisini. Nimekwenda kumwambia karani wa posta kwamba barabara yao imerefuka. Akaniuliza kama nanunua stempu. Vijana wa siku hizi hawajui kupima, wanachonga popote tingatinga linapoelekea.

Siku za kuja nazihesabu. Chumba chako nimekifunga, kila nikipita nilikuwa nachungulia kama mwizi.

Babu yako

13 Aprili

Babu yangu,

Shikamoo. Mama ni mzima. Mimi ni mzima. Barua hii nimeiandika mara nne na nimechana tatu. Nakuomba uisome hadi mwisho kabla hujakasirika.

Barabara haijarefuka, Babu. Niliondoka kwako mwezi wa kwanza na walikuwa wameshamaliza kuichonga. Inapita pale pale, kati ya ukuta wa shule na nguzo za umeme. Posta haijahama. Mita zake ni zile zile mia tatu ulizopima kwa mnyororo.

Nilikaa na penseli. Mita mia tatu ukizigawa kwa hatua mia tano na tisini, kila hatua ni kama sentimita hamsini na moja. Nilirudia nikidhani nimekosea, kwa sababu ni wewe. Kisha nikachukua zile hatua mia sita za dakika sita. Si mita mia nne na hamsini. Ni mita mia tatu na sita.

Kliniki naona jambo hili kila Alhamisi. Mtu hajui kwamba hatua yake imepungua, kwa sababu inapungua kidogo kidogo na yeye yumo ndani yake. Dada Saa anasema mwili unafupisha hatua wenyewe ukianza kuogopa kuanguka. Hujakosea kuhesabu. Hesabu yako ni sahihi kabisa. Hatua ndiyo iliyobadilika.

Ningeweza kunyamaza. Mama ameshakubali, na kitanda kimeshapata godoro. Nilikaa siku mbili nikifikiria kunyamaza, na unajua kunyamaza ndiyo kazi ninayoiweza. Lakini niliziona zile ngazi. Zina kona tatu, na chuma cha kushikilia kimelegea kwenye kona ya pili.

Tafadhali pima tena, kwa futikamba. Na kile kiti, Babu. Hujaniandikia kuhusu kiti mara mbili sasa, na nafikiri hukusahau.

Sijamwambia Mama bado. Nakusubiri wewe.

Kimya wako

18 Mei

Babu,

Shikamoo. Wiki tano hazijaleta barua. Nilimpigia simu mwenye duka. Akasema, "Yupo, mzima, anakula." Nikamuuliza kama umekasirika, akasema, "Binti, ongea kwa nguvu kidogo, sikusikii." Nikashindwa kurudia swali.

Mvua zimepungua. Mama ameuliza tarehe. Nimemwambia posta inachelewa. Ni mara ya kwanza kumdanganya tangu nije huku.

Nilitaka uje kuliko mtu yeyote anavyotaka chochote. Kama nimekuumiza, niandikie hata mstari mmoja wa kunigombeza. Nitautunza.

Kimya

30 Mei

Mjukuu wangu,

Marahaba. Ni kweli nilikasirika. Siku ya kwanza nilikukasirikia wewe, ya pili nikamkasirikia Dada Saa, ambaye sijawahi kumuona. Siku ya tatu niliazima futikamba kwa fundi seremala. Nikapiga mstari wa chaki barazani, nikatembea hatua kumi kama mtu asiyetazamwa. Mita tano na sentimita nne. Nilirudia mpaka chaki ikafutika kwa nyayo zangu.

Hukukosea. Nusu mita na kitu kidogo juu yake.

Kilichonichelewesha ni jambo lingine. Mwaka jana nilimpimia mwenye duka mpaka wa uzio wake kwa miguu hii hii. Hatua arobaini, nikamwambia mita thelathini, akachimbia nguzo. Sikuweza kukuandikia wewe kabla sijamwambia yeye. Nilizunguka wiki tatu nikinunua chumvi nisiyoihitaji. Mwisho nikamweleza. Akapiga paja akacheka: "Kumbe! Ndiyo maana banda la kuku lilikataa kuingia! Mke wangu ananiita mjinga mwaka mzima!" Tumepima kwa futikamba. Nilikuwa nimemnyang'anya mita tisa na nusu za ardhi yake mwenyewe. Amesema nguzo atahamisha taratibu, na mpaka leo hajamwambia mtu. Huyo ni ndugu.

Sasa la kiti. Sikusahau. Nilijaribu siku ile ile ya barua yako ya kwanza. Mikono kifuani, kama ulivyosema. Nilisimama mara tatu, ya nne sikumaliza. Nikaona namba hiyo haifai kusafiri.

Na lingine nilikuficha. Mwezi wa pili, kabla ya barua yako, nilianguka nyuma ya nyumba karibu na pipa la maji. Sikuvunjika. Nilishindwa tu kuinuka. Nilikaa chini tangu chai ya asubuhi hadi jua la utosini, nikiongea na kuku. Mwenye duka alikuja kwa sababu sikwenda kuchukua gazeti. Tangu siku hiyo naogopa uani kwangu mwenyewe. Uliponiandikia nije, nilijifanya nakuja kwa ajili yako, usiwe mpweke. Ukweli nilikuwa nakimbia, na mbio zenyewe ndizo hizo za nusu mita.

Mwambie mama yako yote. Mwambie sanduku nimeshalifungua.

Babu yako

15 Juni

Babu yangu,

Shikamoo. Nililia, kisha nikamsomea Mama yote, hata pipa la maji. Hakukasirika. Aliuliza tu, "Tangu asubuhi hadi saa sita?" Akaingia chumbani akakunja nguo zilizokwisha kukunjwa.

Na mimi nina la kusema. Sina marafiki wengi huku. Sina hata mmoja. Wapangaji wa jengo hili nilikuwa nawasubiri wapite ndipo nifungue mlango, nisilazimike kuwasalimu. Miezi mitano, Babu.

Nilimwambia Dada Saa namba zako za kweli: tatu, na mia tatu na sita. Akaniambia tatu inaweza kukua. Misuli ya mapaja haisomi tarehe ya kuzaliwa, ndivyo alivyosema. Anza na kiti kirefu, weka mto mgumu juu yake, simama mara tano asubuhi na mara tano jioni. Wiki ikiisha bila shida, toa mto. Shika meza, inuka kwa vidole vya miguu mara kumi. Tembea ukiwa na mtu, na jaribu kunyoosha hatua, usikimbize. Fanya hayo mwenye duka akikuona.

Kisha nikamuuliza: na ngazi hamsini na nne? Akasema, "Kwani nani alisema azipande zote kwa pumzi moja?"

Nilirudi nyumbani nikasimama chini nikatazama juu. Ngazi kumi na nane, mlango wa fundi saa. Kumi na nane tena, mlango wa mama wa mapacha. Kumi na nane, sisi. Kama kungekuwa na kiti mbele ya kila mlango, ni kupanda kumi na nane tu, mara tatu.

Ilinichukua siku nne kubisha. Kwa fundi saa nilibisha kwa kidole kimoja. Akafungua akiwa na kile kikombe cha kioo cha kukuzia jichoni. Nikasema. Akasema, "Unauza nini?" Nikasema tena. "Sema basi, binti, sina ugomvi na wewe." Nikapiga kelele, Babu. Nikasema, "Babu yangu anakuja na naomba uweke kiti hapa nje!" Mpaka mlango wa juu ukafunguka na mama wa mapacha akachungulia: "Kiti cha nini? Nani anakuja?" Basi nikawaeleza wote wawili kwa pamoja, mmoja juu, mmoja chini, na mimi katikati ya ngazi.

Fundi saa alitoa kiti chenye mikono hapo hapo. Mama wa mapacha ana kigumu kisicho na mikono. Nimekipima: sentimita arobaini na tatu. Fundi amekaza na kile chuma kilicholegea kwenye kona ya pili, na amenilaumu kwamba miezi yote hii nilikuwa napita kama kivuli.

Mama alipanda jioni akavikuta viti viwili. Nikamwambia. Akaketi kwenye cha pili na mkoba wake mapajani. Akasema, "Sikusema apande bila kupumzika. Nilisema apande mwenyewe."

Babu, Dada Saa bado anataka nane. Usiniandikie nane isiyokuwepo. Lakini usimrudishie mwenye duka lile sanduku.

Kimya

21 Julai

Kimya,

Marahaba. Sanduku liko chini ya kitanda, mashati yamo.

Nafanya kama mlivyosema. Mwenye duka anakaa mlangoni na kikombe chake akihesabu kama mwamuzi wa ngumi, na wateja wamejifunza kusubiri. Kuna mama alikuja kununua mafuta akasema, "Mzee, kaa basi tujue moja, unakaa au unasimama?" Mto niliutoa wiki ya tatu. Siku niliyosimama mara tano nilikula mayai mawili.

Leo asubuhi ni saba. Ya nane nilifika nusu, nikarudi. Mwenye duka akasema, "Andika nane, hiyo nusu namalizia mimi." Nimeandika saba.

Dakika sita nimetembea kwa futikamba ya seremala: mita mia tatu arobaini na mbili. Si mia nne. Uani kwangu naenda tena, pipa nimelisogeza karibu na ukuta.

Muulize Dada Saa kama saba anaikubali, kwa viti viwili na chuma kilichokazwa. Akikubali, mwenye duka anakuja huko kununua bidhaa tarehe kumi na sita mwezi ujao, na atanibebea sanduku.

Nina sharti moja. Siku hiyo usinisubiri chini. Nikikuona nitajikaza ili usinionee huruma, nitasahau kupumzika, na kujikaza ndiko kulikoniangusha. Kaa juu. Mama yako naye akae juu. Niacheni nije kama mtu anayekuja kwake.

Nimeizoea namna unavyonyamaza ukiwa chumba cha pili. Hapa kimya kilichopo si kile.

Babu yako

16 Agosti, saa tano kasoro robo asubuhi

Kimya,

Usishuke.

Barua yako, kwamba Dada Saa ameikubali saba, niliipokea, ninayo mfukoni. Niko ghorofa ya pili, mbele ya mlango wa mama wa mapacha, nimekaa kwenye kiti chake. Yeye amenipa karatasi na kalamu ya wanawe, na atakuletea hii kwa mkono wake. Sanduku limebaki kwa fundi saa pamoja na mwenye duka, na hao wawili wameshaanza kubishana kuhusu saa ya nani inasema kweli.

Nimesikia mlango wenu ukifunguka mara mbili. Na nimemsikia mama yako akisema, "Mwache, alisema tumwache." Kumbe sikio la kushoto bado linafaa.

Kutoka chini hadi kwa fundi nilipumzika mara moja. Kutoka kwa fundi hadi hapa mara mbili. Goti la kushoto linanung'unika, moyo unakwenda vizuri. Nimekaa dakika tano na nitakaa tano nyingine, kwa sababu nimejifunza kukaa.

Barua zangu zilikuwa zinachukua hata wiki mbili kukufikia, na niliweza kusubiri. Hii itachukua muda wa mama wa mapacha kuvuta ndala zake, na naona siwezi.

Huko kliniki mnataka nane. Hapa nahitaji kusimama mara moja tu.

Ukishaisoma, acha mlango wazi, urudi ukakae. Usihesabu. Nakuja.

Babu yako